Tulivyofundisha Kunawa kwa Komsi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maji kabla hajaumba shule, akayashusha bure juu ya milima ya Bukavu bila kumwuliza mtu karatasi. Namshukuru kwa kuniacha nizeeke nikiwa na meno ya kutosha kutafuna na akili ya kutosha kuona haya.

Nyinyi wauguzi vijana, na hasa nyinyi mnaotaka kuwa walimu wa wauguzi, nawaandikia kwa sababu mmoja wenu alinikuta nikitoka msikitini akaniuliza, "Papa Ramazani, miaka yote ile ulifundisha, haukukosea hata siku moja?" Nikamjibu kwamba nina haraka. Sikuwa na haraka. Mtu aliyestaafu hana haraka ya kitu chochote isipokuwa choo. Sasa namjibu.

Nilikosea mara nyingi, na mengi ya makosa hayo Mungu ameyafunika. Moja nalifunua mwenyewe, maana lilikaribia kumtoa shuleni msichana aliyekuwa na akili kunishinda. Jina lake Nsimire. Nilimwangusha mtihani wa kunawa mikono kwa sababu alinawa mikono.

Kwanza niwaeleze somo lenyewe. Wageni kutoka mbali walituletea somo jipya, na kwa Kifaransa lilikuwa na jina refu la heshima. Maana yake ni kwamba muuguzi wa Bukavu ajue yanayoumiza watu wa pande zote, kwa kuwa ugonjwa hauombi visa. Ni jambo jema. Nikapewa kazi ya kulitafsiri jina hilo kwenye barua ya wazazi, nami nikaandika "Afya ya Dunia", nikaridhika.

Mtu niliyekaa madrasa utoto wangu wote nilipaswa kujua. Kwetu msikitini, na kwa jirani zetu kanisani, "mambo ya dunia" ni pombe, muziki na wanawake wa watu. Wiki haikuisha akaja baba mmoja kutoka Nyangezi, katekista, ameshika kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilileta mutoto hapa afunzwe afya. Sasa nasikia iko afya ya dunia."

"Ndiyo, papa. Maana yake afya ya watu wote."

"Ya watu wote njo ile mulikuwa nayo mbele. Hii ya dunia, siye tunaihubiri vibaya kila siku ya Mungu. Namna gani wewe, mutu wa dini, uko naifundisha?"

Nikamweleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa Mashi, lugha ya kwao, kidogo niliyo nayo. Akasikiliza kwa subira, kisha akauliza kama somo hilo lina mtihani. Nikamwambia upo.

"Basi mutoto wangu aanguke ile moja," akasema, akavaa kofia yake. Mtoto huyo alikuwa Nsimire. Tulibadilisha jina la somo, lakini nadhani dua ya katekista ilikuwa imeshapanda.

Kitabu cha somo kilikuwa na karatasi inayoteleza. Nisiwe mnyimi wa shukrani: yalikuwamo mambo niliyoyafundisha mpaka siku ya mwisho. Kilitufundisha kumwuliza mgonjwa, "Wewe mwenyewe unadhani ugonjwa huu umetoka wapi?" kisha kunyamaza mpaka amalize. Jaribuni. Utajua mengi kuliko maabara itakavyokuambia, hasa siku ambayo maabara haina umeme. Lakini sura ya tatu ilihusu watu wa utamaduni mwingine, na ndani yake iliandikwa kwamba katika nchi za Afrika ya kati watu husalimiana kwa muda mrefu, muuguzi asiwaharakishe. Safari, kijana aliyeendesha pikipiki ya abiria siku zisizo za shule, akanyoosha mkono.

"Papa, hawa batu, si ni siye?"

"Ni sisi."

"Na iko mutihani juu yetu?"

"Upo."

"Nikianguka, nitakuwa mutu wa wapi?"

Darasa likacheka. Niliwanyamazisha upesi, maana jibu la swali lile halikuwamo nyuma ya kitabu.

Sasa tuje kwenye beseni, maana somo hilo la wageni lilikuwa pia na mtihani wa kunawa mikono. Shule yetu ilikuwa juu ya mteremko wa Kadutu, pale ambapo hata mbuzi husimama katikati ya njia akafikiri. Bomba la mtaa lilitoa maji kwa hiari yake. Wageni walituletea beseni jeupe la kunawia, zuri kuliko sahani za arusi, lenye robine ndefu ya kufungulia maji kwa kiwiko ili mikono isiguse uchafu. Tulilikaza ukutani kwa skurubu nne. Bomba la kuliletea maji halikuja, wala la kuyatoa. Chini ya tundu la beseni palikuwa na hewa, kisha sakafu. Tulilifunika kwa kitambaa cha kushonwa ili lisipate vumbi, na wageni wakipita tulilifunua wakalipiga picha.

Basi tukafundisha kwa komsi. Neno hili mnalijua, tulilichukua kwa Wafaransa: fanya kama vile. Mwanasesere wa mpira tuliyejifunzia kuzalisha alikuwa mama kwa komsi, tukamwita Maman Mupira. Dawa ilikuwa komsi, sindano komsi, na maji pia komsi. Mwanafunzi anainua kiwiko, anasukuma robine, anasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, kucha, anasuuza, anafunga kwa kiwiko. Karatasi ya alama ilikuwa na mistari kumi na miwili. Wa kwanza ulisema: Afungue robine kwa kiwiko. Wa tisa ulisema: Hapotezi maji. Katika mstari huo wa tisa darasa zima lilipata alama kamili.

Bingwa alikuwa Safari. Aliposukuma robine, alitoa mlio kwa mdomo, shhhh, ukadhani mto Ruzizi umefika. Alirudisha mkono nyuma kidogo kama maji ni ya baridi. Akimaliza, alikung'uta vidole, na mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilijifuta uso. Nilimpa kumi na tisa kwa ishirini. Moja nilimnyima ili asiwe na kiburi.

Dhamiri yangu haikulala kabisa. Niliituliza kwa elimu ya dini. Kwetu Waislamu, asiyepata maji ya kutawadha hutayamamu: hugusa udongo safi, hupangusa uso na mikono, akasali, na sala yake inakubaliwa. Nikajiambia kwamba komsi ni tayamamu ya shule. Jihadharini na mtu mwenye elimu mbili. Akishindwa kujitetea kwa moja, anakwenda kuazima kwenye nyingine.

Nsimire alikuwa ameanguka somo lingine mwaka uliotangulia, kwa hiyo sheria ilikuwa wazi: akianguka tena, anatoka shuleni, anarudi Nyangezi kulima na mama yake. Alijua hivyo, nami nilijua. Siku ya mtihani alipanda Kadutu na bidoni ya maji kichwani kutoka chemchemi ya chini, na mkononi kikopo cha nyanya alichokitoboa tundu moja karibu na kitako kwa msumari.

"Hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Ni maji, papa."

"Naona ni maji. Ya nini?"

"Ya kunawa."

Bwana mmoja wa wageni alikuwapo siku hiyo, mtu mpole mwenye viatu vya ngozi, amesimama karibu na beseni na kamera yake. Nsimire akatundika kikopo kwenye ile robine kwa kamba, akakijaza, maji yakaanza kutoka kama uzi. Akanawa. Wallahi, hajapata kunawa mtu mbele yangu namna ile, kucha moja moja, bila kukimbia. Na maji yakashuka kwenye beseni, yakazunguka, yakaingia kwenye tundu. Sisi sote tulijua kwamba chini hakuna bomba. Maji peke yake hayakuwa yameambiwa. Yakamwagika yote juu ya viatu vya mgeni.

Mgeni alisema kwamba hakuna shida, huku ameinua mguu mmoja. Mimi nikashika kalamu. Afungue robine kwa kiwiko: hakufungua. Afunge kwa kiwiko: hakufunga. Hapotezi maji: amepoteza bidoni nzima. Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyobeba alama nyingi; nikajumlisha, nikapata nane kwa ishirini.

"Papa," akasema Nsimire taratibu, "nilikosea kusugua wapi?"

"Kusugua hukukosea. Hukufuata karatasi."

Akafuta sakafu kwa kitambaa kile cha kushonwa, akachukua bidoni yake tupu, akashuka.

Mtaniuliza kama sikuwa na mwalimu wa kunifundisha vizuri zaidi. Nilikuwa naye, na hapo ndipo aibu inapozidi. Nilipokuwa kijana wa staji, nikijifunza kazi kule Sange, kwenye joto la tambarare, muuguzi mzee Papa Amisi, Mungu amrehemu, alinipa kipimajoto cha zebaki nipime wagonjwa wa asubuhi. Nilikuwa nimekiacha dirishani juani, na sikujua kwamba zebaki ikipanda haishuki mpaka ukikung'ute. Nikampima wa kwanza, arobaini na moja. Wa pili, arobaini na moja. Wote waliokaa kwenye benchi walikuwa na arobaini na moja, hata mlinzi aliyekuja kuomba moto wa sigara. Nikaenda mbio kumwambia Papa Amisi kuna mlipuko wa ugonjwa. Akaja polepole, akachukua kipimajoto, akakilaza juu ya ubao wa benchi, akangoja, akasoma.

"Benchi nayo iko na maleria," akasema. "Iandikie dawa."

Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya paji la mgonjwa wa kwanza. Lilikuwa la baridi kama mtungi. "Anza na mutu," akaniambia. "Chombo kinakuja nyuma." Nimewafundisha mamia ya vijana maneno hayo. Nimewaandikia ubaoni. Na siku ya Nsimire nilianza na karatasi, na mutu sikumfikia kabisa.

Kabla ya baraza la alama kukaa, tuliwapeleka wanafunzi staji kwenye kituo cha afya cha Nyangezi, wote, hata wale waliokuwa wakingoja kufukuzwa. Kituo kilikuwa mikononi mwa mkunga mmoja, Maman Cibalonza, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyethubutu kumwomba arudie neno. Maji yake yalikuwa kwenye pipa lenye kifuniko, nyuma ya mlango, na kopo la kuchotea juu yake.

Asubuhi ya pili alikuja mama wa mimba ya nne, uchungu umeshika. Maman Cibalonza akaita mwanafunzi wa kumsaidia. Nikamtoa bingwa wangu mbele. Safari akaingia, akatazama ukuta mweupe uliokuwa mbele yake, akainua kiwiko, akasukuma hewa. Shhhh. Akasugua viganja, migongo, katikati ya vidole, gumba, kucha. Akasuuza. Akafunga kwa kiwiko. Akakung'uta. Akamwendea mama, mikono juu kama padre.

Mama aliyekuwa kitandani alikuwa amemwangalia tangu mwanzo.

"Maman," akamwambia mkunga, "uyu mutoto wenu iko muzima? Ameongea na ukuta, sasa anakuja kwangu."

Maman Cibalonza akamshika Safari kifundo cha mkono, akanusa kiganja chake.

"Inanuka esanse ya pikipiki," akasema. "Ulinawa?"

"Nilinawa, maman."

"Na maji ya wapi?"

Safari akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Hakudanganya, ndilo linalonitisha mpaka leo. Aliamini amenawa. Mkono hujifunza haraka kuliko kichwa, na ukishajifunza uongo hausikii mahubiri. Nilikuwa nimeufundisha mkono ule kwamba kunawa ni kucheza ngoma, nikaupa kumi na tisa.

Nsimire alikuwa ameshachota. Akanawa kwa pipa na sabuni, Maman Cibalonza akimwagia, kisha wakabadilishana. Jifunzeni hilo pia: pasipo na robine, mtu wa pili ndiye robine, na asimame kushoto kwako ili asikumwagie miguuni. Mtoto akazaliwa, wa kike, akalia vizuri. Mama alipopumzika akamtazama Nsimire.

"Wewe njo utakuwa mukunga hapa?"

"Hapana, maman. Nilianguka."

"Ulianguka nini?"

"Kunawa mikono."

Mama akainua kichwa, akifikiri labda hajasikia vizuri. "Na ule wa ukuta?"

"Ule alipita. Ni wa kwanza."

Mama akaanza kucheka, akashika tumbo maana kicheko kilimwuma, akaniangalia mimi niliyevaa blauzi nyeupe ya uuguzi, safi kuliko ya wote. Ningependa angenitukana.

Niliporudi nyumbani Bukavu nilimsimulia mke wangu, Mama Zaina. Yeye hakusoma uuguzi, ila amezaa watoto saba, na kuna mmoja katika hao saba tuliyemzika akiwa na siku tisa. Nikamwambia mambo ya komsi, nikamweleza pia ile hoja yangu ya tayamamu, nikitumaini ataisifu. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Baba Zaina," akasema, "tayamamu ni ya kusali, si ya kuzalisha. Mungu anaangalia nia. Mikrobe haiangalii nia."

Akaongeza, bila kuinua kichwa, "Na nyinyi si mnafundishana msikitini kwamba maji yakifika, tayamamu imebatilika? Yule binti alikuletea maji. Tena kwa kichwa."

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wetu wa shule, sista wa Kikatoliki, mama mwenye haki na mwenye kuchoka. Nikamwambia nataka kubadilisha alama za Nsimire.

"Papa Ramazani, karatasi zimeshatumwa kwa wageni. Sasa tufanye nini? Muongezee mbili za huruma, afike kumi, tumalize."

Lilikuwa pendekezo la upole, na nakiri lilinivutia. Nsimire angebaki, mimi ningebaki na heshima yangu, na beseni lingebaki chini ya kitambaa chake. Lakini niliona tena mikono ya Safari ikimwendea yule mama.

"Sista, huruma ni ya aliyekosa. Yeye hakukosa. Nikimpa mbili za huruma, nitakuwa nimesema wale wengine wamenawa."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Mtihani wote uanguke. Turudie, na maji."

Akavua miwani. "Wanafunzi arobaini. Na wageni, nitawaandikia nini?"

"Andika kwamba mwalimu wa somo hakujua kunawa mikono. Nitatia sahihi."

Akanisogezea karatasi niandike mwenyewe. Niliandika kurasa mbili, nikaomba pia mstari wa kwanza wa karatasi yao ubadilishwe, usomeke: Apate maji. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa. Walishukuru kwa habari yetu ya kutia moyo, wakasema karatasi hiyo inatumika katika nchi nyingi na haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya mahali pamoja, wakaomba picha ya msichana mwenye bidoni, ikiwezekana akitabasamu. Picha hatukuwa nayo. Siku ile Nsimire hakutabasamu.

Mtihani ukarudiwa. Kila mtu alipanda na maji yake, na mimi nilibeba bidoni ya lita tano, nikapumzika mara nne njiani huku watoto wa Kadutu wakinisalimu kwa huruma. Nyuma yangu nilisikia mwanafunzi mmoja akinung'unika, "Kumbe afya ya dunia iko nzito." Chini ya tundu la beseni tuliweka ndoo. Wengi walikwama kidogo kabla ya kupita. Waliokuwa hodari kwa hewa waligundua kwamba sabuni inateleza, kwamba maji yanaisha kabla ya kidole gumba, kwamba pete inaficha uchafu. Safari alipata kumi na moja, bila mlio wa mdomo. Aliniambia, "Papa, maji ya kweli haina kelele sana," akaibeba ndoo kwenda kuimwaga.

Nsimire alikuja wa mwisho. Alitundika kikopo chake. Akatazama karatasi niliyoshika, maana alijua kwamba ni ile ile, yenye mistari ile ile kumi na miwili, na kwamba mara hii hakuna wa kumwokoa.

"Papa," akauliza kabla hajaanza, "na robine?"

Sista alikuwa amesimama karibu yangu. Nikatazama mstari wa kwanza, ambao kwa wenzake wote nilikuwa nimeukwepa, nikauacha wazi. Kama ningeweka alama ya kukubali, ningekuwa nimesema uongo kwa faida yake. Kama ningeweka sifuri, ningekuwa nimesema uongo kwa hasara yake. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu katika kazi hii, na ndiyo kwanza niliona kwamba mwalimu anaruhusiwa jibu la tatu. Nikachukua kalamu, mbele ya "Afungue robine kwa kiwiko" nikaandika neno moja, Haiko, nikatia sahihi, nikampa Sista naye akatia yake, kisha nikaliandika neno hilo kwenye karatasi za wenzake wote.

"Nawa, binti yangu," nikamwambia.

Akanawa. Alama zake zilitosha bila huruma ya mtu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, uwe wa msikiti au wa kanisa, Mungu akupe mikono safi na maji yasiyo mbali nayo. Akupe wanafunzi watakaokuuliza wamekosea wapi, na moyo wa kuwajibu kabla hawajashuka mlima. Awaponye wagonjwa wako hata siku ambayo wewe umekosea, na akusitiri kama alivyonisitiri mimi. Amina.